Niuroni za Parkinson kutoka seli za iPS: dalili, chanzo, na pa kuanzia kutafuta

Ukifungua inkubeta siku ya 35 ukakuta niuroni zimejikusanya mafungumafungu na kubanduka kama ukoko wa wali, wazo la kwanza ni kulaumu midia (maji ya kulishia seli) iliyowekwa jana. Mara nyingi midia ile haina kosa. Katika kazi ya seli shina, kosa huzaliwa mapema na kuonekana kwa kuchelewa. La siku ya 0 hujitokeza siku ya 16, la siku ya 16 hujitokeza siku ya 40, na lililojificha kwenye benki ya seli (akiba ya vichupa vilivyogandishwa) hujitokeza wakati umeshaanza kuandika matokeo. Kwa hiyo kila dalili hapa chini inafuatwa kurudi nyuma, tukianza na kipimo rahisi na cha bei nafuu.

Ugonjwa tulioushika ni Parkinson. Niuroni zinazokufa ni zile zinazotengeneza dopamini katika ubongo wa kati, na hakuna daktari atakayemkata mgonjwa aliye hai kipande cha ubongo kwa ajili ya utafiti. Njia iliyopatikana ni kuchukua seli za ngozi au za damu na kuzirudisha katika hali ya seli shina kwa jeni nne: OCT4, SOX2, KLF4 na c-MYC. Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi walionyesha njia hiyo mwaka 2006 kwa seli za panya na mwaka 2007 kwa za binadamu. Seli hizo, zinazoitwa iPS, hubeba jeni zilezile za mgonjwa, nawe unaziongoza hatua kwa hatua mpaka ziwe niuroni.

Njia ya kulinganishia

Huwezi kujua kilichoharibika kama hujui kilichotakiwa kuwapo. Vipimo vya kuanzia ni hivi. Siku ya 0, panda seli 10,000 kwa sentimita ya mraba juu ya laminini 111. Kuanzia siku hiyo hadi siku ya 9, midia yenye N2 (kirutubisho cha seli za neva) ibebe SB431542 µM 10 na Noggin ng 100 kwa mililita (zote mbili huelekeza seli kuwa za neva), SHH C24II ng 300 kwa mililita, na CHIR99021 kati ya µM 0.5 na 0.8 kutegemea laini ya seli (ukoo wa seli kutoka kwa mtoaji mmoja); kazi ya SHH na CHIR imeelezwa chini. Siku ya 9 ondoa zote nne, weka FGF8b (protini ya ishara) ng 100 kwa mililita. Siku ya 11 bandua kwa Accutase (kimeng'enya cha kubandulia seli) na upande upya seli 800,000 kwa sentimita ya mraba katika midia ya B27 (kirutubisho cha niuroni) yenye FGF8b, BDNF (protini ya kukuza niuroni) ng 20 kwa mililita na asidi askobiki mM 0.2. Siku ya 16 una seli tangulizi za ubongo wa kati: zigandishe, au zipande zikomae kwa seli kama 150,000 kwa sentimita ya mraba katika BDNF ng 20, GDNF (protini nyingine ya kukuza niuroni) ng 10, asidi askobiki mM 0.2, db-cAMP mM 0.5 na DAPT µM 1. Kila unapopanda seli zilizotenganishwa mojamoja, weka kizuia ROCK (dawa inayosaidia seli zilizotenganishwa zisife), Y-27632 µM 10, kwa saa 24 za kwanza.

Seli nyingi zinakufa baada ya kuyeyushwa

Hili ni jepesi kuliko yote. Kichupa kimekaa kwenye maji ya nyuzi 37 kupita kiasi. Kitoe kikiwa bado na kipande kidogo cha barafu, kawaida ndani ya dakika mbili. Au midia imemiminwa kwa haraka: DMSO (kimiminika kinachokinga seli wakati wa kugandishwa) ikitolewa ghafla, maji huingia ndani ya seli kwa kasi na kuzipasua. Ongeza mililita 10 tone kwa tone, zungusha kwa g 200 hadi 300 kwa dakika 5, kisha panda. Kama hayo yote ni sawa na bado zinakufa, kosa lilitokea siku ya kugandisha: joto halikushuka kwa nyuzi 1 kwa dakika, au kichupa kilisahaulika kwenye nyuzi hasi 80 kwa miezi badala ya kuhamishiwa kwenye nitrojeni. Usihangaike kuokoa kichupa cha namna hiyo. Yeyusha cha kundi jingine.

Visiwa vya seli za iPS vinachakaa katikati au kingoni

Kisiwa (kundi la seli zilizoota pamoja) kizuri kina kingo kali na seli zilizobanana zenye kiini kikubwa. Ukiona katikati pamekuwa manjano na pamenenepa, umechelewa kugawa, yaani kuzihamishia seli kwenye sahani mpya. Gawa vikifunika asilimia 70 hadi 80 ya sahani. Ukiona seli ndefu zinatambaa kutoka kingoni, tumia EDTA (kemikali ya kulegeza seli) mM 0.5 kwa dakika chache tu, na usikwangue. Seli zilizokwisha kubobea (kugeuka seli za aina nyingine) hushika sahani kwa nguvu zaidi na huchelewa kubanduka, hivyo zinabaki nyuma zenyewe. Usianze siku ya 0 na sahani ambayo zaidi ya sehemu moja kwa ishirini imechafuka hivyo, hata kama ratiba inakubana.

Laini iliyokuwa ya polepole ghafla inakua kwa kasi

Wengi hulifurahia jambo hili. Litilie shaka. Seli za iPS zinazokuzwa muda mrefu huchaguana zenyewe, na yenye hitilafu inayoipa nguvu ya kuishi huzifunika nyingine. Hitilafu mashuhuri ni kuongezeka kwa kipande cha kromosomu ya 20 katika eneo la 20q11.21, penye jeni ya BCL2L1 inayozuia seli kujiua. Dalili zake benchini ni tatu: seli mojamoja zinaishi vizuri hata bila kizuia ROCK, sahani inajaa siku moja au mbili kabla ya kawaida, na kubobea kuwa seli za neva kunadhoofika bila sababu unayoiona.

Hapa ndipo cheti cha kromosomu kinapodanganya. Kipimo cha kupaka rangi kromosomu na kuzitazama kwa hadubini hakioni vipande vidogo kuliko takriban jozi za besi milioni 5, na nakala nyingi za 20q11.21 ni ndogo kuliko hapo. Tena maabara kawaida hukagua seli 20 tu, kwa hiyo hitilafu iliyo katika sehemu ndogo ya seli hupita. Agiza kipimo cha qPCR (kinachohesabu nakala za jeni) cha BCL2L1, ukilinganisha na jeni iliyo kwenye kromosomu nyingine iliyo tulivu, au kipimo cha SNP (tofauti za herufi moja za DNA) kwa kromosomu zote. Angalia pia kromosomu za 1, 8, 12 na 17, na mabadiliko ya TP53 (jeni inayozuia saratani). Laini ikikutwa nayo, itupe na urudi kwenye benki kuu. Kuzuia ni rahisi: tengeneza benki kuu na benki ya kazi, na kila kichupa kitumike kwa migao isiyozidi 10 hadi 15.

Seli zimezubaa, midia ni safi, hakuna mawingu

Pima maikoplasma (bakteria wadogo mno) kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Haionekani kwa hadubini ya kawaida, haichafui midia kwa macho, hupenya kichujio cha mikromita 0.22, na penisilini haiigusi kwa sababu haina ukuta wa seli wa kushambuliwa. Inachofanya ni kula virutubisho na kubadilisha mwenendo wa mitokondria na kinga ya seli. Katika Parkinson mitokondria ndiyo unayoitafuta, kwa hiyo matokeo yako yatakuwa ya bakteria na utayaita ya ugonjwa. Chukua midia iliyokaa na seli siku mbili au tatu bila kubadilishwa, ukaipime kwa PCR. Rudia kila mwezi, na kila laini ngeni ikae kwenye inkubeta ya peke yake mpaka majibu yatoke.

Siku ya 16 alama hazikubaliani

Hapa pana kiini cha kazi nzima, na hapa ndipo wengi hupoteza miezi.

Seli tangulizi nzuri za siku ya 16 zinawaka alama (jeni zinazotambulisha aina ya seli) FOXA2, LMX1A na OTX2 kwa pamoja katika seli zilezile. Ukikosa, alama iliyokosekana inakuambia kosa liko upande gani. Ukolezi wa CHIR99021 ndio unaopanga seli kutoka mbele kwenda nyuma ya ubongo. SHH inazipanga kutoka mgongo kwenda tumboni. Ukiona FOXA2 ipo ila OTX2 imetoweka na HOXA2 au GBX2 zimepanda, CHIR imezidi na umetengeneza ubongo wa nyuma. Ukiona PAX6 nyingi na FOXA2 chache, SHH imedhoofika: huenda imegandishwa na kuyeyushwa mara nyingi, au ilikaa kwenye midia iliyochanganywa wiki mbili zilizopita.

Mtego mkubwa ni FOXA2 na LMX1A kuwaka vizuri kabisa, huku seli si za ubongo wa kati. Eneo la jirani, linalotengeneza niuroni za chini ya thalamasi, lina alama hizohizo mbili na OTX2 pia. Seli hizo hazitakupa dopamini hata ukizilea mwaka mzima. Kinachotenganisha ni EN1, ambayo inatakiwa kuwapo, pamoja na BARHL1 na NKX2-1, ambazo hazitakiwi. Kama EN1 ni kidogo na BARHL1 ni nyingi, ongeza CHIR kwa µM 0.1 na uhakikishe FGF8b iliingia siku ya 9. Ikicheleweshwa, seli hubaki mbele mno. Samaki mkunje angali mbichi: baada ya siku ya 16 hakuna dawa itakayozihamisha.

Dirisha la CHIR ni jembamba kiasi kwamba kosa la pipeti linatosha kulikosa. Miligramu 5 za CHIR99021 katika mililita 1.07 za DMSO hutoa akiba ya mM 10. Kwa midia ya mililita 50 yenye µM 0.7 utahitaji maikrolita 3.5 za akiba hiyo, kiasi ambacho tone lililonata nje ya ncha ya pipeti hukiharibu. Punguza kwanza hadi mM 1, kisha weka maikrolita 35. Pasha akiba hadi joto la chumba na uitikise kabla ya kuichota, maana hutulia chini kama punje usizoziona. Kila laini mpya, na kila kundi jipya la CHIR, lipitishwe kwenye jaribio la hatua saba kutoka µM 0.4 hadi 1.0, visima (vijishimo vya sahani) viwili kwa kila hatua, upime kwa qPCR siku ya 16. Ni wiki mbili na siku mbili za kazi. Kutofanya jaribio hili kunagharimu miezi mitatu.

Kabla ya kulaumu CHIR, hesabu seli zako za siku ya 0. Seli chache mno hufa au hugeuka kuwa seli za mstari wa neva wa pembeni, zenye SOX10; seli nyingi mno hulindana na ishara na katikati ya sahani hubaki na OCT4, alama ya seli shina. Hesabu kwa rangi ya tripani (inayoingia seli zilizokufa tu), na uhesabu zilizo hai tu.

Niuroni zinajikusanya na kubanduka

Dalili huanza kama nyaya nene zinazounganisha mafungu ya seli, kisha kingo za sahani zinainuka, kisha siku moja zulia lote linaelea. Nyuzi za niuroni huvutana kadiri zinavyokua, na tandiko dhaifu (utando unaopakwa chini ya sahani) haliwezi kuzizuia.

Kagua tandiko kwanza. Poli-ornithini, µg 15 kwa mililita usiku kucha, ioshwe mara tatu kwa maji safi. Mabaki yake ni sumu. Laminini iyeyushwe taratibu kwenye jokofu la nyuzi 4. Ukiiyeyusha haraka kwenye maji ya moto huganda kama uteute na haitatandazika. Iweke angalau µg 5 kwa mililita usiku kucha kwenye nyuzi 37, na isikauke hata dakika moja kabla ya seli kuingia. Kwa utunzaji wa zaidi ya mwezi, ongeza laminini µg 0.5 hadi 1 kwa mililita kwenye midia mara moja kwa wiki.

Halafu tazama mkono unaolisha. Usinyonye midia yote. Uso wa maji unapopita juu ya niuroni huzing'oa kama wimbi ling'oavyo miche, kwa hiyo badilisha nusu tu, ncha ya pipeti ikigusa ukuta wa kisima, bila pampu. Midia ikitoka baridi jokofuni moja kwa moja, zulia hujikunja. Visima vya pembeni hukauka kuliko vya katikati na chumvi huzidi. Vijaze maji tupu usipande seli humo. Na usiache midia kwenye mwanga: riboflavini iliyomo, hasa penye HEPES (kemikali ya kudhibiti uasidi), hutengeneza peroksidi ya haidrojeni, na niuroni za dopamini ndizo zinazoumia mapema.

Kama vyote viko sawa, umepanda seli nyingi mno. Seli 300,000 kwa sentimita ya mraba hupendeza siku ya 20 na hubanduka siku ya 40.

Seli bapa zinazojaa chini ya niuroni

Zikiwa na KI67 (alama ya seli zinazogawanyika), ni seli tangulizi ambazo hazijaacha kugawanyika. DAPT huzisukuma ziwe niuroni. Kama uliisahau, bado unaweza kuiweka. Zikiwa bapa, kubwa, zenye kolajeni COL1A1, ni seli za utando wa mishipa, na zilitokana na mpangilio mbovu wa siku 9 za kwanza. Wapo wanaotumia Ara-C (dawa inayoua seli zinazogawanyika) kuziua. Tunashauri uangalifu: dozi inayoua seli bapa huzitesa pia niuroni changa, na mateso hayo baadaye yatafanana na ugonjwa. Afadhali uanze upya.

TH inawaka, dopamini haipo

TH, kimeng'enya cha kutengenezea dopamini, peke yake si ushahidi. Niuroni za ubongo wa mbele zinaweza kukiwasha kwa muda, na zile za noradrenalini zinacho daima. Tafuta DBH (kimeng'enya cha kutengenezea noradrenalini) kuzitambua. Dai niuroni ya dopamini ya ubongo wa kati pale tu TH inapokaa pamoja na FOXA2 au LMX1A, na PITX3 ikiwepo.

Zikiwepo zote na mashine bado haisomi dopamini, shida iko kwenye uchukuaji wa sampuli. Dopamini huoksidika ndani ya dakika chache. Chochea kwa KCl mM 55, chota, tia asidi ya perikloriki hadi M 0.1 papo hapo, gandisha. Kabla ya hapo hakikisha umri: kupima siku ya 30 ni kupima watoto. Subiri siku ya 45 hadi 60.

Niuroni za mgonjwa na za mtu mwenye afya hazitofautiani, au tofauti inageuka kila jaribio

Swali la kwanza ni umelinganisha nini. Mgonjwa na mtu asiye ndugu yake hutofautiana kwa mamilioni ya herufi za DNA. Mradi wa Uingereza wa HipSci, katika matokeo ya mwaka 2017, ulionyesha kwamba kati ya asilimia 5 na 46 ya tofauti za tabia za seli za iPS hutokana na mtoaji mwenyewe tu. Kwa hiyo laini tatu za wagonjwa, kila moja visima 24, si vipimo 72. Ni watu watatu. Hesabu ya takwimu isimame kwenye laini na kwenye makundi huru ya kubobeza, kila kundi likianza siku ya 0 ya peke yake.

Dawa ya kelele hiyo ni laini pacha: laini ileile, imerekebishwa herufi moja ya DNA kwa CRISPR (mbinu ya kuhariri jeni). Nayo ina maradhi yake. Cas9, kimeng'enya cha CRISPR kinachokata DNA, huweza kufuta kipande kikubwa upande mmoja wa kromosomu, na PCR yako ikaona upande uliobaki tu, ikakuonyesha “marekebisho safi pande zote mbili”. Tafuta SNP zenye herufi mbili tofauti kulia na kushoto mwa mkato; zikiwa zimekuwa moja, upande mmoja umepotea. Kwa GBA1 (jeni inayohusishwa na Parkinson) ongeza uangalifu: jeni bandia ya GBAP1 iko karibu, umbali wa besi 16,000 hivi, na zinafanana kwa asilimia 96. Vianzishi vya PCR vilivyochaguliwa kwa haraka vitasoma jeni bandia, na Cas9 itakata zote mbili. Tengeneza PCR ndefu inayoanzia mahali ambapo jeni bandia haina.

GBA1 inatuhusu kwa karibu. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti, washiriki wa Nigeria wakiwemo, uliopata badiliko la GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika. Badiliko hilo, rs3115534, halimo katika sehemu inayoandika protini. Linavuruga ukataji na uungaji wa RNA. Laini zilizo kwenye mabenki ya Ulaya na Marekani kwa sehemu kubwa hazina badiliko hilo, na kurekebisha N370S au L444P, mabadiliko mengine ya GBA1, hakuliigizi. Anayetaka kulisoma anahitaji laini za watoaji Waafrika, pamoja na pacha zao.

Kama kipimo chako ni alfa-sinukleini (protini inayorundikana katika Parkinson), hakikisha kwanza kipimo chenyewe kinaona. Tumia laini yenye SNCA (jeni ya protini hiyo) iliyorudufiwa mara tatu kwenye kromosomu moja, ambayo jumla ina nakala nne na protini takriban maradufu. Kipimo kisichoiona tofauti hiyo hakitaona tofauti ndogo ya LRRK2 G2019S, badiliko jingine la jeni linalohusishwa na Parkinson.

Kisha kuna umri. Kurudisha seli utotoni hufuta alama nyingi za uzee, na Parkinson kwa kawaida huanza baada ya miaka 60. Usishangae niuroni ya siku 60 kuonekana nzima. Kabla ya kuamua kwamba hakuna ugonjwa, soma lebo ya B27. Ya kawaida ina vitamini E, katalasi, glutathioni na kimeng'enya cha SOD, yaani umezipa niuroni za mgonjwa kinga dhidi ya shida unayotaka kuiona. Siku 5 hadi 7 kabla ya kupima, hamia kwenye B27 isiyo na antioksidanti na uondoe asidi askobiki, laini zote kwa siku ileile. Ukipima mitokondria, badilisha pia glukosi kwa galaktosi, ili seli zisiweze kuishi kwa kuchachusha sukari. Weka kisima kimoja cha kila laini kwenye midia ya zamani. Kikifa nacho, tatizo ni tandiko au mkono. Kikibaki kizima huku, kwenye midia mpya, cha mgonjwa kikidhoofika na cha pacha wake kikistahimili, unayo tofauti ya kurudia katika makundi mengine mawili.